Voi hadi Taveta kwa baiskeli, nikiifuata reli ya vita

Nilidhani nitaendesha katikati ya reli. Nilipotoka Voi, kusini mwa Kenya, nilijaribu kama nusu saa hivi: mataruma ya chuma yanarusha gurudumu, kokoto zinateleza, na kuna mahali vichaka vimefunika kila kitu hata huoni chuma kiko wapi. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alinitazama nikihangaika. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Reli haifuatwi kwa juu, hufuatwa ubavuni." Akanionyesha njia ya miguu chini ya tuta, ile wanayopita wachungaji na watoto wa shule. Hapo ndipo safari ilipoanza kweli.

Siku ya kwanza nilipata pancha nne, zote za miiba. Ya tatu na ya nne nilijitakia, kwa sababu nilibadilisha tyubu bila kupitisha vidole ndani ya tairi, na mwiba uleule ukaitoboa tyubu mpya. Ukienda, papasa tairi lote taratibu kwanza, ndipo utie tyubu.

Reli hii ilizaliwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Agosti 1914 Wajerumani, waliokuwa wakitawala Tanganyika ng'ambo ya mpaka, waliiteka Taveta, na kutoka huko wakawa wanatuma vikundi vidogo kuvuka nyika kwenda kulipua reli ya Mombasa na Uganda. Waingereza walitaka kuwafuata, lakini kati ya Voi na Taveta kuna kama kilomita 110, na sehemu kubwa ni nyika kavu isiyoweza kunywesha jeshi. Mwaka 1915 vikosi vya reli kutoka India vikaanza kutandika njia kuelekea magharibi, na katikati ya mwaka huo reli ikafika Maktau. Nilikuwa nimeyasoma haya nyumbani. Niliyaelewa karibu na Mwatate, saa tano asubuhi, katikati ya mashamba ya mkonge, chupa zangu mbili zilipokauka na hakuna mti wa kuketi chini yake. Mama mmoja alinijazia chupa na kunisihi ninywe kwanza ndipo nimsimulie ninakokwenda. Tangu hapo nabeba lita tano.

Ndiyo maana Bura niliipenda sana. Vilima viko karibu, migomba imesimama, maji yanateremka. Wakati wa vita maji ya Bura yalipelekwa kwa mabomba hadi kambi ya Maktau. Nililala hapo, na asubuhi nilijaza kila chombo nilichokuwa nacho.

Kuanzia Bura kwenda Maktau na mbele yake, usishindane na ndovu. Wenyeji walinikataza waziwazi: Maktau ni lango la hifadhi ya Tsavo Magharibi, na tuta la reli ni njia nzuri kwa wanyama kama lilivyo kwako. Nilifunga baiskeli juu ya matatu, nikaiangalia reli kupitia dirishani, nikashuka Mbuyuni. Sijutii hata kidogo. Niliteremka Maktau kwa muda mfupi tu kuyaona makaburi ya wanajeshi wa Kihindi.

Baada ya Mbuyuni nilisukuma baiskeli zaidi kuliko nilivyoipanda, mpaka kilima cha Salaita kikatokea. Ni kilima kidogo. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walikishambulia wakarudishwa nyuma na askari wa upande wa Wajerumani, wengi wao Waafrika. Nilipanda polepole, nikageuka, nikaona jinsi mtu aliye juu anavyowaona wote wanaokuja kutoka mashariki.

Taveta nilikwenda moja kwa moja makaburi ya vita. Mawe yamepangwa safi, majina yamechongwa. Nilisimama nikiwafikiria wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza, wale wa Carrier Corps, jina ambalo ndimi zetu zililigeuza kuwa Kariakoo. Walikufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, na wengi wao hakuna jiwe lenye majina yao. Siku tatu nilikuwa nimepita juu ya kazi ya mikono: kila kokoto ya tuta lile mtu aliiweka.

Jioni nilirudi relini nje kidogo ya mji, upande unaoelekea Kahe, Tanzania. Kijana mmoja alikuwa ameanika mahindi juu ya tuta. Nikamsaidia kuyakusanya kabla giza halijaingia.