Tundu la Chumba cha Kati

Mama aliikubali sola kwa sharti moja: chumba cha kati kipate mwangaza wa mchana. Ndipo anaposhonea kofia, na kofia ya kutoboa haitaki giza. Vitundu vyake ni vidogo mno, na kila kimoja lazima kizungushiwe uzi ukingoni, kitambaa kisije kikafumuka. Taa ya umeme anayo, lakini husema chini ya taa uzi mweupe na kitambaa cheupe humpotea machoni.

Nyumba za mawe za wazee wetu hapa Lamu zilikuwa na kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, mwangaza ukashuka kutoka juu na kuingia hadi ndani. Yetu ya mtaa wa Gadeni ni ya matofali na mabati, imebanwa na majirani pande mbili. Chumba cha kati kilitegemea bati moja la plastiki, nalo jua lilikuwa limeligeuza manjano na kulipasua. Fundi wa sola alipopima akakuta bati hilo liko pale pale anapotaka paneli zake. Tukapatana: paneli sita, tatu juu na tatu chini, na katikati dirisha la kioo.

Ilikuwa Machi. Paneli zilivushwa kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa mashua, zikapita vichochoroni kwa mkokoteni. Siku mbili kazi ikaisha. Fundi alikata bati, akaweka fremu ya mbao na kioo, akapaka silikoni pande zote nne. Mama akatandika mkeka chini ya kile kipande cha jua. Kilivyosogea, naye akasogea nacho.

Aprili masika ikaingia. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza niliamka nikasikia matone, tap, tap, kwenye kitu kisicholia kama sakafu. Nikawasha tochi. Maji yalikuwa yakifuata mbao za dari na kudondokea kikapu cha Mama. Kofia aliyoishona tangu kabla ya Ramadhani ilikuwa juu kabisa, imelowa, ina doa la rangi ya chai upande mmoja mzima. Aliikamua taratibu, akaitazama, akaikunja. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi, maana aliyesimamia kazi ile ni mimi.

Asubuhi nilimwita mjomba. Ujana wake wote ulikwenda Matondoni, akikalafati majahazi, yaani kuziba nyufa za mbao zake maji yasiingie. Alipanda ngazi na ndoo ya maji, na wala hakuigusa silikoni. Aliimimina ndoo juu ya paneli za safu ya juu, akatulia kutazama. Maji yote yaliteleza kwenye vioo vya paneli yakaanguka kwa mstari mmoja, kwenye ukingo wa juu wa dirisha. Yakagota kwenye fremu, yakajaa, yakapenya.

"Mai hushuka tini," akaniambia. "Huyu ameyawekea ukuta, kisha akauziba kwa gundi."

Akanionyesha kwa viganja viwili, kimoja kikilalia kingine. Dirisha huzungushiwa bati bapa la kuelekeza maji. La upande wa juu lilipaswa kuingia chini ya bati la paa. La upande wa chini lilalie juu ya bati linalofuata. La juu daima hulilalia la chini, kama magamba ya samaki. Silikoni iwe msaidizi tu, kwa sababu mwisho wake huachia.

Ila ili kuingiza bati lile ilibidi tufungue paneli mbili, kwani fundi hakuwa ameacha hata nafasi ya kuweka mguu. Tulimleta fundi mwingine wa umeme, akaja alfajiri na kuzifunika mablanketi, maana paneli ikipigwa na jua inatoa umeme hata ukizima mtambo. Mjomba aliinua fremu ikapanda kama shibiri juu ya bati, akakunja bati bapa pande zote, na upande wa juu akalitia mgongo ili maji yagawanyike kushoto na kulia. Matundu ya skrubu alitoboa kwenye migongo ya bati, si kwenye mifereji. Paneli tulizirudisha tukiacha njia ya mtu kupita.

Akiwa huko juu aliligonga bomba la hewa la choo. "Mlipima mwezi wa tatu?" Machi adhuhuri jua la Lamu huwa utosini, bomba halina kivuli. Juni jua limekwenda kaskazini, na bomba la mita 1 hulaza kivuli cha karibu dhiraa moja upande wa kusini, ilipokuwa paneli yetu. Paneli zimeungwa kwa mfululizo; moja ikifunikwa hata kipande, zinaweza kudhoofika zote. Tukaisogeza paneli ile siku ile ile.

Mvua ilirudi baada ya siku nne, usiku tena. Niliweka sufuria chini ya dirisha, nikakaa. Mama naye aliamka, akawasha taa, akaitoa kofia yenye doa na kuanza kuifumua upande ule ulioharibika, tundu moja baada ya jingine. Kulipokucha mvua ilikuwa bado inapiga kwenye kioo. Akazima taa, akaichukua sufuria kavu, akaenda kuchemshia chai.