Dagaa wa mama ndani ya pakiti: tulipofikia tangu Januari

Leo jioni tumefunga toleo la 14: pakiti 212 za gramu 100, kutoka ndoo tatu za dagaa wabichi walioshushwa Igombe alfajiri. Mama amenusa pakiti ya mwisho kabla haijabanwa, akaitikia kwa kichwa, nami nikaandika namba ya toleo kwenye daftari. Ni mara ya kwanza hatujaweka hata pakiti moja pembeni kwa kuitilia shaka.

Mgahawa wetu uko Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Mama aliuanza kwa meza moja na masufuria mawili. Siku hizi kuna meza nane, sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo, lakini kinachovuta watu ni dagaa wa kukaanga. Wazo la pakiti halikutoka kwangu, lilitoka kwa wateja. Wanafunzi wa chuo kikuu pale Malimbe wanaokwenda likizo na wasafiri wa basi la asubuhi walikuwa wakimwambia, "Mama, nifungie wa elfu tano, naenda nao Dodoma." Aliwafungia kwenye gazeti. Walipofika dagaa walikuwa wamelegea, lakini safari iliyofuata waliagiza tena. Nilijiambia, kama wanawapenda hivyo wakiwa wamelegea, wakifika wakavu itakuwaje?

Januari

Nilinunua mizani ndogo ya jikoni nikakaa nayo pembeni ya mama siku nne. Hakufurahi. Kwake chumvi haipimwi, inaonekana. Sikubishana naye. Nilimwomba atie chumvi kama kawaida yake, ila kwanza aipitishe kwenye bakuli langu. Kwa kila ndoo alitia konzi kumi. Nilipima konzi tatu za kwanza: gramu 38, 41, 36. Siku ya pili: 39, 37, 40. Nilishangaa mkono uliofanya kazi miaka yote hiyo bila mizani unavyokaribiana namna hii. Nilipomwonyesha daftari alisoma namba zile mara mbili, na tangu siku hiyo ndiye anayenikumbusha kupima.

Ndimu ilitusumbua zaidi. Mgahawani anawakamulia dagaa wakishaiva, na ndiyo ladha watu wanayoifuata. Kwenye pakiti ndimu hiyo ni maji, na maji ndiyo yanayolegeza. Tulijaribu kuiacha kabisa, wakawa dagaa wa mtu mwingine. Tukaishia kuwalowesha kwenye ndimu na chumvi kabla, kisha tunawaanika kwenye kichanja cha wavu nusu siku mpaka ngozi ikauke, ndipo wanaingia kwenye mafuta. Mama anasikiliza mlio wa mafuta. Povu likipungua na mlio ukitulia, maji yameisha, anaopoa. Nilinunua kipimajoto, na sasa tunakaanga kwenye nyuzi 170 hadi 180, lakini wa kuopoa bado ni sikio lake. Dada wawili wanaotusaidia wanajifunza kwake.

Februari hadi Aprili: kuchacha

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi ya kote. Dagaa wana mafuta yao wenyewe, halafu tunawaongezea ya alizeti. Mafuta yakikutana na hewa na mwanga yanachacha taratibu. Dagaa anabaki mkavu na mzuri kwa macho, lakini akifika ulimini ana ladha ya rangi ya ukutani. Mgahawani jambo hili halikuwahi kutokea, kwa sababu dagaa wa asubuhi hawafiki jioni.

Nilichukua dagaa wa siku moja nikawagawa: mifuko myeupe inayoonyesha ndani, na mifuko yenye foili. Nusu ya kila aina niliiweka dirishani, nusu kabatini. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunafungua mmoja wa kila kundi, mama, mdogo wangu, shangazi na mimi, kila mtu anaandika kimya kimya bila kuangalia cha mwenzake. Mweupe wa dirishani uliharibika wiki ya tatu. Mweupe wa kabatini ulifika wiki ya saba. Wa foili tuliendelea kuula mpaka wiki ya kumi na mbili tukakosa cha kulalamikia.

Iliniuma, maana mfuko mweupe ndio niliokuwa nimeupenda. Mteja anaona dagaa, anaona hakuna vichwa vilivyovunjika. Lakini huwezi kumwonyesha mtu kitu kizuri dukani kisha akakila kimechacha nyumbani. Tukachagua foili. Mafuta nayo tuliacha kuyarudia: yanakaanga mara tatu, kisha yanatolewa. Na dagaa wakiopolewa wanakaa juu ya wavu mpaka wapoe kabisa kabla ya kufungwa, kwa sababu mvuke ukifungiwa ndani ya mfuko unageuka maji.

Mwezi, mvua na mchanga

Asiyeishi kandokando ya ziwa anaweza asijue kwamba biashara ya dagaa inaendeshwa na mwezi wa angani. Wavuvi wanawavuta kwa taa, zamani karabai, sasa nyingi ni za betri na sola. Kukiwa giza dagaa wanakusanyika chini ya taa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, taa hazina kazi, na mitumbwi mingi inapumzika zaidi ya wiki. Mgahawani mama alikuwa anaandika ubaoni "dagaa hakuna" na maisha yanaendelea. Duka halielewi lugha hiyo, kwa hiyo lazima giza moja lilishe na mwezi unaofuata.

Machi masika ilipoanza, kichanja kilikuwa hakikauki. Tulipoteza ndoo mbili kwa siku moja, walianza kunuka kabla ya saa kumi. Fundi wa mtaani ametutengenezea kaushio la jua: boksi la mbao, nailoni juu, wavu ndani, matundu ya hewa chini na juu. Jua likitoka hata kwa muda wa saa mbili tu linasaidia, na nzi hawaingii.

Kosa langu kubwa ni toleo la 6. Mwezi ulikuwa mkali, sikuwa na akiba, nikanunua dagaa wakavu kwa mchuuzi ambaye sikuwa nimemtembelea anakoanikia. Walianikwa mchangani. Tuliwaosha mara tatu, tukawakaanga, tukapeleka pakiti 90. Siku ya nne mama mmoja mwenye duka alinipigia simu, hakupandisha sauti, alisema tu, "Mwanangu, watoto wangu wametafuna mchanga." Mgahawani ningekimbia na sahani nyingine na samahani. Hapa ilibidi nizunguke duka kwa duka kukusanya. Namba ya toleo kwenye lebo ndiyo iliyoniokoa, nilijua zipi za kuondoa na zipi ziachwe. Nilirudisha 71. Zilizobaki zilishaliwa, na bado nazifikiria. Tangu hapo hatununui dagaa ambao hatujaona kichanja chao.

Chumba na karatasi

Jiko la mgahawa lina moshi wa mkaa na watu wanaoingia na kutoka, halifai. Tumegeuza vyumba viwili vya nyuma ya nyumba: kimoja cha kuoshea na kukaangia kwa gesi, kimoja kikavu cha kufungia, kuta za kuosheka, nyavu madirishani. Wote watano tumepima afya. SIDO Nyakato, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, walitufundisha usindikaji na kutupa barua ya utambulisho ya kwenda TBS, shirika la viwango, na nawashauri mlio wadogo muanzie hapo, maana barua hiyo inawapunguzia mzigo wa ada. Mama alikuwa bado anasema "watu wa TFDA", mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Nilimweleza kwamba tangu 2019 mambo ya chakula yako TBS. Wakaguzi walikuja mara moja, wakatuagiza kutenganisha mlango wa samaki wabichi na mlango wa pakiti zilizokwisha fungwa. Tumeshautoboa. Sampuli zimechukuliwa, tunasubiri majibu. Alama yao haiko kwenye lebo yetu na haitakuwepo mpaka tuipate. Bakodi, ile mistari inayosomwa na mashine dukani, tutaomba baada ya hapo.

Hesabu

Mama anajua faida kwa kilichobaki kwenye droo usiku. Nilipanga bei ya Sh 2,500 kwa pakiti nikiangalia za wenzangu. Mwezi Mei nilikaa nikaandika kila kitu: dagaa, mafuta, gesi, mfuko, lebo, nauli ya Igombe, posho za dada wawili, na kwa mara ya kwanza saa za mama, ambazo hazijawahi kuandikwa popote. Ilikuja Sh 2,640. Kila pakiti ilikuwa inalipiwa na sahani za mgahawani. Sasa tunatoa kwa Sh 3,500.

Maduka mengi yanataka mali kauli, yaani uwaachie mzigo wakulipe ukishauzwa. Niliacha pakiti 60 Makoroboi na Igoma, fedha ilirudi baada ya mwezi na nusu, na wakati huo giza lilikuwa limefika sina ya kununulia ndoo. Siku hizi mali kauli haizidi robo ya toleo. Inayobaki inauzwa taslimu: mezani kwetu, na kwa vijana wawili wa stendi ya Nyegezi. Kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Nyamhongolo tuliuza pakiti 340 kwa siku nane, na nusu ya wateja walitaka kwanza waonjeshwe, kwa hiyo mama alisimama na sahani tangu asubuhi.

Wengi wameuliza kama tutauza na pilipili ya mama kwenye chupa. Nimeamua kusubiri. Dagaa wakavu ni salama kwa kuwa hawana maji, lakini mchuzi wa pilipili uliofungiwa bila hewa lazima uwe na asidi ya kutosha, pH (kipimo cha asidi, kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) chini ya 4.6, la sivyo kijidudu cha botulizimu kinaweza kuota ndani na kuua mtu. Kipimo hicho hakifanyiki kwa ulimi, hata wa mama. Mpaka tuwe na kifaa na tumefundishwa kukitumia, pilipili itabaki kwenye kibakuli cha mezani.

Giza linalofuata linaanza Jumatatu. Mdogo wangu amechaji taa ya kichwani, ndoo sita zimeoshwa, na mama amesema safari hii anakuja mwenyewe Igombe. Anataka kuwaona wale kina mama wanaotuanikia, awasalimie, na aone kichanja kwa macho yake.