Kichwa cha Baba

Kwa muda mrefu Baba alitibiwa na madaktari wawili wasiojuana. Mmoja alishughulikia kutetemeka, akasema ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili, akampa dawa yake, levodopa. Mwingine alishughulikia shingo, akampa dawa za maumivu na kola ya kushikilia shingo. Kila nilipomtajia mmoja habari za mwenzake, nilijibiwa kuwa hilo si lake. Huku kichwa kinazidi kuinama. Sasa kidevu kinagusa kifua, na nikimnywesha uji napiga magoti ndipo tuonane macho.

Wiki hii tumempeleka kwa bingwa wa ubongo na neva. Mabingwa hao ni wachache Uganda na wengi wako Kampala, kwa hiyo mtu wa Arua lazima apande basi. Mama alimzungushia leso mbili shingoni kwa ajili ya matuta. Tulipopita daraja la Karuma nilimwinua kidevu kwa kiganja, aone maji ya Nile. Akatabasamu.

Daktari alimwambia, "Mzee, gonganisha kidole gumba na cha shahada, haraka haraka." Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: dawa ikishika, shingo inanyanyuka? Nilikuwa na daftari lenye saa za dawa, saa za chakula na saa ambazo kichwa huinuka. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa. Nilitaka kulia.

Alitueleza kuwa Parkinson yenyewe inaweza kuinamisha kichwa hivi. Lakini kwa umri wa Baba, pingili za shingo zilizochakaa nazo zinaweza kubana uti wa mgongo, ule mkanda wa neva unaopita ndani ya pingili, miguu ikawa mizito na mkojo ukashindwa kuzuilika, na watu wakadhani ni Parkinson tu. Ndiyo maana anataka MRI, picha inayoonyesha ndani ya shingo. Hadi hapo, asiguswe na mtu wa kunyoosha shingo kwa nguvu, hata awe fundi wa mifupa anayesifiwa vipi.

Levodopa anywe nusu saa kabla ya kula, kwa sababu nyama, maharage na maziwa huizuia kuingia vizuri mwilini. Na ile sindano ya kichefuchefu aliyochomwa kwenye kliniki moja mwaka jana, akakauka kama gogo, ilikuwa metoclopramide, ambayo wengi tunaiita Plasil. Inaziba dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, na dopamini ndiyo hiyo hiyo aliyopungukiwa. Inaniuma mpaka leo. Nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari, ili yeyote atakayempeleka hospitali aionyeshe kwanza.

Uti ukionekana umebanwa, tutapelekwa kwa daktari wa upasuaji. Usipobanwa, atarekebishiwa dozi na kuanza mazoezi ya viungo. Jumapili ukoo unakutana kwa ajili ya mchango. Najua kuna watakaotaka kwanza apelekwe kwa mganga. Mimi nitasimama mbele yao niombe pesa ya picha, kabla ya pesa ya kitu kingine chochote.