Pembetatu 160 na kanga moja: ninavyoshona mablanketi ya viraka ya kugawa

Blanketi ninalotoa lina upana wa inchi 32 na urefu wa inchi 40. Linamtosha mtoto mdogo aliyelazwa, na linafunika magoti ya mzee anayekaa kwenye kiti cha magurudumu bila kuburuzika hadi kwenye matairi. Uso wake una miraba 80, kila mraba una pembetatu mbili: moja ya rangi iliyokolea, nyingine ya rangi nyepesi.

Vitambaa ni mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi. Kabla ya yote navipima kwa moto: nachomoa nyuzi chache na kuziwasha. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Sivichanganyi, maana pasi yenye moto wa kunyoosha pamba huikunja poliesta. Kisha nafua vyote, wanga utoke na kitambaa kinachotaka kurudi kirudi sasa. Vyekundu na vya buluu nzito navisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kinachochuja nakifua tena, na kikiendelea kuchuja hakiingii kwenye blanketi.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kukata pembetatu kwanza, kisha kuzishona. Upande mrefu wa pembetatu umekatwa mshazari, haufuati uzi, kwa hiyo unavutika kila ukiugusa, na mraba unatoka umepinda. Mimi nashona kabla ya kukata. Nakata miraba ya inchi 5, mikolevu 40 na myepesi 40. Naweka mmoja juu ya mwingine, nyuso zikitazamana, nachora mstari kutoka pembe hadi pembe, nashona robo inchi upande huu wa mstari na robo inchi upande ule, halafu ndipo nakata juu ya mstari. Kila jozi inanipa miraba miwili.

Pasi naikandamiza na kuinyanyua, siiburuzi, na mshono naulaza upande wa rangi iliyokolea usionekane chini ya nyepesi. Baada ya hapo kila mraba naupunguza uwe inchi 4 na nusu kamili. Kipimo changu nimekikata kutoka jalada la faili la plastiki angavu, inayoonyesha kilicho chini yake, nikachora mstari wa pembe hadi pembe. Mstari huo naulaza juu ya mshono. Kazi hii inachosha, lakini ukiiruka hakuna pembe itakayokutana na mwenzake.

Robo inchi ni lazima iwe robo inchi. Mshono ukila nusu ya robo inchi zaidi kila upande, mstari wa miraba 8 wenye mishono 7 unapungua inchi 1 na robo tatu, na ncha za pembetatu zinamezwa. Nabandika tepu kwenye bati la cherehani iwe ukingo wa kufuata, halafu najaribu: vipande vitatu vya upana wa inchi 1 na nusu vikiunganishwa, cha katikati lazima kibaki inchi 1.

Napanga miraba yote sakafuni, kisha naipiga picha kwa simu na kuiondoa rangi. Mkolevu uliokaa mahali pa mwepesi unaonekana hapo hapo. Mistari ni 10. Mishono ya mstari wa kwanza inalala kushoto, ya mstari wa pili kulia, na kuendelea hivyo. Ikikutana inaumana na pini moja inatosha.

Ndani naweka blanketi jepesi la mtumba, limefuliwa. Chini ni kanga. Doti moja inatoa migongo miwili ya inchi 36 kwa 44, na napima kutoka katikati ya mji ili jina libaki zima. Jina nalisoma vizuri kabla ya kununua: kanga ya mafumbo ya wivu haifai kwenda wodini.

Mgongo naubana sakafuni kwa tepu, umenyooka bila kuvutwa. Ukivutwa, ukiachiwa utarudi na uso wote utafanya makunyanzi. Nabana kwa pini kila upana wa kiganja, nashona kuanzia katikati kwenda nje, hatua za sindano zikiwa ndefu kuliko kawaida kwa sababu ya unene. Upapi, yaani kitambaa cha kuzungushia kingo, unahitaji vipande vinne vya upana wa inchi 2 na nusu kutoka kitenge kizima, vilivyoungwa kwa mshazari ili unene usirundikane mahali pamoja.

Pini nazihesabu zikiingia na zikitoka. Zikiwa 60 mwanzo, blanketi haliondoki mpaka niwe na 60 mkononi. Halina vifungo wala riboni. Kwa mama mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja nasema wazi kwamba hili ni la kumlaza sakafuni akiwa macho na akiangaliwa. Asifunikwe nalo akiwa amelala.