Mikono bado inanukia udongo

Leo nimekandika ukuta tangu saa tatu asubuhi mpaka jioni!

Nipo Kyoto, Japani, kimasomo. Jirani anakarabati nyumba ya zamani, akanikaribisha nisaidie.

Ukuta wao huanza na mianzi iliyopasuliwa, ikapangwa kama wavu na kufungwa kwa kamba ya mabua ya mpunga. Wavu huo wanauita komai. Nilipouona tu, nikakumbuka fito za nyumba ya bibi kule Pangani.

Udongo ulichanganywa na mabua yaliyokatwakatwa, ukaachwa miezi uoze. Kuoza huko ndiko kunakoufanya unate. Unanuka haswa.

Fundi akanipa mwiko. Nikabandika upande mmoja, udongo ukapenya kati ya mianzi, ukatokeza vinundu nyuma.

Akazunguka, akavilaza kimoja kimoja, taratibu, vikumbatie mianzi.

Bibi alikuwa akivilaza hivyo hivyo, kwa kiganja.

Nilisimama pale, koo limenikaba.

Lipu ya juu itakuwa ya chokaa, nyuzi za mimea na gundi ya mwani. Mwani, jamani! Watu wa Unguja mpo?

Nani amewahi kukandika nyumba? Kwenu mlichanganya nini kwenye udongo?