Lava ya Nyiragongo haiwaki

Usiku volkano ya Nyiragongo inapong'ara, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tunasema mlima unawaka moto. Lakini lava ni mawe yaliyoyeyuka, yenye joto karibu na digrii 1,000 au zaidi, na madini yake yalishaungana na oksijeni zamani sana. Hayana tena cha kuungua. Kilichowaka mwaka 2002 na 2021 ni mbao za nyumba, magodoro na makala, pale lava ilipovigusa.

Joto peke yake halizai moto. Sayari ya Zuhura ina digrii 465 hivi, ila asilimia 96 ya hewa yake ni kaboni dayoksaidi. Ubao ukitupwa kule utageuka makala bila kutoa mwali, kama kuni ambazo wachoma makala huzifunika kwa udongo ili hewa isiingie. Titani, mwezi wa Zohali, una maziwa yaliyojaa metani (gesi inayoweza kuwaka) iliyo kimiminika, lakini oksijeni ya kuiunguza haipo. Tena hatuhitaji kwenda mbali: chini ya Ziwa Kivu kuna kilomita za ujazo 60 hivi za metani iliyoyeyuka majini, na haiwezi kuwaka hadi ipandishwe juu ichanganyike na hewa. Ikiwa chini ya asilimia 5 ya mchanganyiko, haishiki. Ikizidi 15, haishiki pia.

Dunia yenyewe ilikaa zaidi ya miaka bilioni 4 bila moto wa porini. Mimea ya nchi kavu ndiyo iliyoleta kuni, tena ikaongeza oksijeni hewani, na mabaki ya makala yanaonekana kwenye miamba tangu miaka milioni 420 hivi iliyopita. Leo oksijeni ni asilimia 21. Ikishuka chini ya 16 hivi, moto wa kuni unafifia na kuzimika; ingepanda sana, hata msitu mbichi ungeungua kwa radi moja.

Hili linahusu moja kwa moja mazuku, yaani mashimo ambamo gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kukusanyika. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hujaa mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Wako wanaopima kwa mshumaa, na ni hatari kubwa: gesi hiyo ikifika asilimia 10, oksijeni bado ni karibu 19, mwali unaendelea, lakini mtu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Mtoto na mbwa huanguka kwanza kwa kuwa wako karibu na ardhi. Ukiona aliyeanguka shimoni usiteremke kumfuata. Mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa umesimama juu.