Unyayo Ulioteleza

Juzi binti yangu, akiitazama simu ikihesabu hatua zake, aliniuliza, "Baba, hatua zenyewe inaziweka wapi?" Nilimjibu kwamba pengine inaweka idadi tu, nikajikuta nimemkumbuka mzee wetu wa chumba cha kamera, tulikokuwa tukirekodi mwendo wa watu na kuuhifadhi kwenye kompyuta.

Hifadhidata yetu ya kwanza ilitenga safu mlalo moja kwa kila kiungo cha mwili katika kila fremu, yaani kila picha ya kamera. Kwa viungo 31 na fremu 120 kwa sekunde, dakika moja ya mtu anayetembea ilizaa safu mlalo 223,200, na kuitafuta kulichukua muda mrefu kuliko matembezi yenyewe. Tukabadilisha utaratibu: urefu wa mifupa, ambao haubadiliki mtu akitembea, uliandikwa mara moja tu, na kilichobaki kikawa mzunguko wa kila kiungo ukipimwa kutoka kiungo kinachokibeba. Mzunguko tuliuandika kwa kwaternioni, yaani namba nne ambazo jumla ya miraba yake ni 1, hivyo iliyo kubwa kuliko zote hutupwa na kukokotolewa upya kutokana na tatu zinazosalia. Rekodi nzima ikawa furushi moja la bayti.

Siku ya kulikagua furushi hilo, baada ya kupunguza kwa usawa biti za kila namba, yaani tarakimu za 0 na 1 zinazoiandika, mzee aliomba aonyeshwe mtu aliyesimama tuli. Kwenye skrini alisimama mtu wa vijiti, na unyayo wake wa kushoto, uliopaswa kuganda sakafuni, ukawa unaserereka mbele na nyuma bila kukoma. Mmoja wetu alijitetea, "Lakini Mzee, wastani wa kosa ni mdogo." Akajibu, "Wastani hauna miguu, kijana wangu," kisha akagusa skrini, si penye unyayo bali penye nyonga. Nyonga ndiyo inayobeba paja, goti na kifundo; kosa la nusu digrii hapo, kwa mguu wa sentimita 90, huusogeza unyayo karibu milimita 8, ilhali kosa hilohilo kwenye kifundo ni vigumu kuliona.

Tuliziongezea nyonga biti, tukazipunguza kwenye vifundo vya miguu na mikono, na unyayo ukatulia. Kisha wakaja wachezaji dansi, ambao uhodari wao mwingi umo vifundoni mwa mikono, na hadi tulipotawanyika hatukuwa tumekubaliana kama kila aina ya mwendo ipewe mgao wake wa biti, jambo ambalo lingeweza kuirudishia hifadhidata sehemu ya unene wake.